Neno la Kumzuia Mgeni

Baba yangu aliniomba ruhusa ya kufa, mimi nikamjibu kwa adabu. Habari yenyewe ni hiyo, na ningeweza kuishia hapa, ila nikiishia hapa nitaonekana mtu mbaya. Mimi si mtu mbaya, ni mtu wa kuchanganyikiwa. Nimechanganyikiwa tangu siku niliposhuka kwenye ndege hapa Louisville, Amerika, na mtoto mgongoni na mfuko wa karatasi za safari mkononi, na sidhani kama nitapona. Safari hii mkanganyiko ulianzia kwenye neno la Kiingereza, neno kuukuu ambalo hata wenye lugha wameliacha, na mpaka leo nikilikumbuka roho inaniuma.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zamani nilikuwa kwenye ghala, huku kwetu Okolona, pembeni ya Louisville, napanga maboksi, mpaka mgongo ukagoma. Kwa wazee nilipewa vyumba sita. Katika chumba cha mwisho alikuwemo bibi mmoja, mzaliwa wa Kentucky, aliyefundisha watoto kanisani kila Jumapili tangu ujana wake. Mwili ulikuwa umekwisha lakini sauti ilikuwa bado ya mwalimu. Kila siku saa tisa alasiri, zamu yangu ikiisha, nilipita kumuaga. Nikimwambia bibi, naenda, ananikazia macho na kuniambia: tarry.

Basi, hilo tu. Halafu ananiangalia kama mtu aliyeuliza swali darasani.

Kiingereza changu ni cha kazi. Najua kuinua, kugeuza, kumeza dawa, na maumivu kuanzia moja hadi kumi. Cha bili nakijua, cha barua za shule nakijua pia, maana zinakuja kila wiki. Hilo neno sikulijua. Nikamuuliza binti mmoja wa hapahapa ninayefanya naye kazi, akasema hajawahi kulisikia, labda bibi ameanza kuweweseka. Kama mwenye lugha hajui, ningeacha. Lakini mimi kitu nisichokielewa hakinitoki kichwani, nitakilalia na kuamka nacho.

Nyumbani nikamuuliza binti yangu. Huyo ana miaka kumi na sita, mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tunaelewana hivyo hivyo. Alitafuta kwenye simu bila kuinua kichwa. Akasema maana yake ni kubaki mahali muda zaidi, au kukawia, au kungoja.

"Lipi kati ya hayo?"

"Yote, Mama."

"Haiwezekani yawe yote. Anayengoja si sawa na aliyechelewa."

"Ni neno la zamani, Mama. Hakuna mtu anayelisema."

Eti hakuna mtu. Wakati mimi naambiwa kila siku saa tisa.

Basi nikajipa jibu mwenyewe, na kwa kweli nilijiona nina akili sana. Sisi ni Warundi, ingawa mimi nimekulia kambini Kigoma na Burundi yenyewe naijua kwa kusimuliwa. Kwetu mgeni haondoki tu kama mtu aliyemaliza kupanga foleni. Anaomba njia. Anasema, jamani, naomba njia, na mwenyeji anamkatalia: bado, kaa kidogo. Mgeni anakaa. Baada ya muda anaomba tena, anakataliwa tena. Akiomba mara ya tatu, mwenyeji anamletea kinywaji cha mwisho, kikombe kilichojaa mpaka juu, mgeni anakunywa chote, halafu wanatoka pamoja na kutembea. Mwenyeji anamsindikiza mpaka mgeni mwenyewe aseme, inatosha, rudi sasa. Usipomzuia mgeni umemdharau. Na mgeni akichukulia kweli, akabaki mpaka kesho, huyo hana adabu. Wote wawili wanajua kwamba anaondoka.

Kwa hiyo nikasema, kumbe bibi wa watu ana adabu kama sisi. Ananizuia. Kuanzia siku hiyo akiniambia tarry, nakaa dakika mbili pembeni ya kitanda. Nasimama, ananiambia tena, nakaa tena. Mara ya tatu namshika mkono, naondoka, nikiwa nimeridhika kabisa. Wenzangu walinicheka kwamba naongezea kampuni muda wa bure. Niliwaambia nyie hamkufundwa.

Sasa niseme habari za baba, maana ndiye mwenye hadithi.

Kambini, siku tulipoandikishwa kwa ajili ya kuja Amerika, mama alikuwa ameshafariki, na baba alikataa kuwa mkubwa wa familia kwenye karatasi. Alisema yeye hana maneno ya kuwajibu wale watu wa mahojiano. Kesi, yaani faili letu la safari, ikaandikwa kwa jina langu, mtoto wa kwanza. Mimi namba moja, baba namba mbili, mdogo wangu wa kiume namba tatu, na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya namba nne. Baba lilimfurahisha jambo hilo kupita kiasi. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Aliniita Mwenye Kesi.

Tulipofika Louisville alikaa kwangu miaka mingi, na kila alipotaka kutoka, hata kwenda kanisani tu, alisimama mlangoni amevaa kofia na kuniambia, "Mwenye Kesi, naomba njia." Mimi namjibu, "Bado, mzee, kaa kidogo." Anacheka, anafungua mlango, anakwenda zake. Ulikuwa utani wetu. Aliporuhusiwa na miguu yake kwenda Buffalo kumsalimia mdogo wangu aliyehamia huko na kupata mtoto, alifanya sherehe nzima: aliomba njia mara tatu, nikampa chai ya maziwa kikombe cha bati, akanywa, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi. Alisema anakwenda wiki mbili. Akakaa miaka minne. Lakini vitu vyake vilibaki chumbani kwangu, na kila tukiongea kwenye simu alisema yupo safarini.

Huko Buffalo figo zake zikafa. Wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila anapokwenda. Mtu wa mashine hiyo haruhusiwi kunywa anavyotaka, maana maji hayana pa kutokea. Mdogo wangu alimpimia kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari. Baba alinung'unika kwamba amekimbia foleni ya bomba la kambini aje kupimiwa maji na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mwezi wa kumi mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, njoo. Kuna kitu anataka kukuambia wewe. Mimi hataki kuniambia."

Niliomba siku nne kazini, nikaendesha gari peke yangu. Nilipita Columbus bila kusimama, nikamwahidi kwa simu rafiki yangu wa Whitehall, pembeni ya mji huo, kwamba nitamwona wakati wa kurudi. Buffalo nilifika Alhamisi alasiri. Mdogo wangu anakaa Riverside, nyumba ndogo ya mbao, mtaa wa tatu kutoka mtoni. Baba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amefunikwa blanketi, na kofia kichwani humo humo ndani.

"Mwenye Kesi, umekuja."

"Nimekuja, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akagusa kofia yake. "Naomba njia."

Nilicheka. Nilifurahi kweli, nikajua akili yake ipo, utani wetu ameukumbuka. "Bado, mzee," nikamwambia, "kaa kidogo." Akatabasamu, nikaenda jikoni kupika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nikamsindikiza kwenye mashine. Nilikaa pembeni nikiangalia damu yake inatoka inaingia kwenye mipira, na mimi nimezoea wagonjwa lakini ile sikuizoea. Katikati ya saa ya pili akafumbua macho. "Mwenye Kesi, naomba njia."

Hapo nikadhani anataka kurudi Louisville, kwenye chumba chake. Nikamwambia, "Bado, baba. Ngoja upate nguvu. Majira ya joto nitakuja kukuchukua."

"Kunichukua kwenda wapi?"

"Nyumbani. Kwangu."

Aliniangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Haya," akafumba macho, na mpaka tunarudi hakusema tena.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lake la kanisani na viatu. Sijui alivivaaje, maana kuinama hawezi. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto wake wa pili, mchanga, mkononi. Baba hakuniita Mwenye Kesi. Aliniita jina langu, jina ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu kambini. Akasema, "Mwanangu, naomba njia."

Nikachanganyikiwa. Jina lilinishtua, viatu vilinishtua, nikaona amechoka na anaweza kuanguka. Nikapiga magoti nikamwambia, "Bado, baba, kaa kidogo," nikamvua viatu. Nilimvua mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikavipanga chini ya kitanda. Naye aliniachia mguu mmoja, akaniachia na wa pili, kama mtoto.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kuomba njia, Jumatatu natakiwa kazini. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Baba, naomba njia," nikangoja anizuie.

"Nenda," akasema.

Hivyo tu. Baba yangu, aliyewahi kumzuia hata mtu wa kusoma mita ya umeme, aliniambia nenda mara ya kwanza. Nilibaki nimesimama pale mlangoni kama mjinga nikingoja neno la pili. Hakulisema. Akageuza uso dirishani.

Niliendesha gari nalia, na nikilia mimi nakuwa na hasira, kwa hiyo nilifika Columbus nimevimba. Yule rafiki yangu ni mama wa Kikongo, wa milimani kule Kivu Kusini. Tulipanga maboksi pamoja miaka mitatu kule Louisville kabla hajahamia Whitehall kufuata dada zake. Alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, chai ya maziwa ipo mezani. Kabla sijanawa mikono nikaanza kumshtakia baba. Nikamwambia mzee amenidharau, nimesafiri safari yote ile, naomba njia ananiambia nenda, kama mtu aliyechoka kuniona. Na yeye mwenyewe nimemzuia vizuri mara zote tatu, wala sikumkosea.

Aliacha kupakua. "Alikuomba njia mara ngapi?"

"Tatu."

"Na ya tatu ulimupa?"

"Nilimwambia akae. Si ndiyo adabu?"

"Adabu ni mara mbili, dada. Ya tatu unamupatia kikombe na unamusindikiza." Akavuta kiti, akakaa. "Bon. Ile mashini, nani anamulazimisha kwenda?"

"Hakuna. Ni yeye mwenyewe. Akisema basi, wanaacha."

"Na wakiacha?"

Sote tulijua jibu, kila mtu anayemhudumia mgonjwa wa figo analijua. Ni siku chache, wiki moja, labda mbili.

"Donc muzee iko anakungojea weye," akasema polepole. "Weye njo uko na kesi yake. Weye njo ulimuleta huku. Hawezi kutoka kwako kama mwizi."

Nilisimama. Nilimwambia asiniletee mambo ya milimani kwao, baba yangu ni mtu wa utani, na sisi ni watu tuliookoka, njia ya namna hiyo anaitoa Mungu, si mama wa Okolona mwenye mgongo mbovu. Maneno mabaya nilimwambia, chakula nimekiacha mezani. Naye alivaa kandambili akatoka nami hivyo hivyo mpaka kwenye gari. "Hata ukasirike, nitakusindikiza," akasema. Aliposhika mlango wa gari akaongeza, "Rudi kwa muzee."

Sikurudi. Nilikwenda Louisville kazini, na nikakaa wiki tatu.

Nataka nieleze zile wiki tatu lakini sijui pa kuanzia. Nilimpigia mdogo wangu simu kumuuliza kama baba aliwahi kusema lolote kwa daktari. Akasema ndiyo, kabla hata sijaenda, daktari alimuuliza kama anataka kuendelea na mashine, na baba akajibu kwamba yeye atasema pale Mwenye Kesi atakapompa njia. Mdogo wangu alidhani ni maneno ya mgonjwa. Nikasikia mtoto wake analia nyuma. "Kwa hiyo ndiyo maana yake?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Na kama huyo mama wa Whitehall amekosea? Kama mzee anataka tu kurudi chumbani kwake, mimi nikamwambia nenda, akaelewa kwamba namfukuza duniani? Nikaomba niongee na baba mwenyewe. Akapokea simu, akanisikiliza nikigugumia, akasema, "Mambo ya njia hayasemwi kwenye simu, mwanangu." Akampa mdogo wangu simu yake. Na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikiwa nageuza wazee wa watu kitandani, nilijua yupo kwenye ile mashine kwa sababu yangu.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba. Usiniulize kwa nini. Mtu mwingine angefunga na kuomba, na mimi nilifunga na nikaomba, lakini nilikwenda pia maktaba kutafuta neno la bibi, maana lilikuwa limechanganyika kichwani na maneno ya baba na sikuweza tena kuyatenganisha. Dada wa maktaba akanitolea kamusi kubwa ajabu, tukaifungua pamoja, yeye akisoma na mimi nikimsimamisha kila nikipotea. Maana zilikuwa zilezile alizosema binti yangu. Lakini chini yake kulikuwa na habari za asili ya neno, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Hawajui. Wapo wanaosema lilitoka kwa Wafaransa wa kale, kwenye neno la kuchelewa. Wapo wanaosema hapana, ni la Waingereza wenyewe wa zamani sana, kwenye neno la kumuudhi mtu, kumsumbua. Na wote wawili, anasema mwenye kamusi, hoja zao zina mashimo. Asili haijulikani.

Nilicheka mpaka dada wa maktaba akashangaa. Kambini kwenye mahojiano waliniuliza baba yangu amezaliwa mwezi gani, nikasema sijui, wakanirudisha nyumbani nikangoja miezi mingine. Waliniuliza kilima alichozaliwa bibi yangu. Mimi sikuruhusiwa kusema sijui hata mara moja. Na neno lao wenyewe, limekaa kwenye vitabu vyao karne na karne, na limeandikwa asili haijulikani bila mtu kulirudisha nyumbani.

Lakini nikiwa kwenye basi, maana gari lilikuwa gereji, kicheko kikaniishia. Kumchelewesha mtu, au kumsumbua. Wataalamu wameshindwa kuchagua, na mimi nimemfanyia baba yangu yote mawili kwa neno moja la adabu. Nililia kwenye basi la watu, mpaka nikapitiliza kituo.

Kesho yake nikamuuliza bibi mwenyewe. Nilipaswa kuanza na yeye, najua. Nilivuta kiti, nikamuuliza anaponiambia tarry anataka nifanye nini, na neno hilo amelitoa wapi. Alifikiri sana, midomo inatembea. Halafu akasema hajui. Mama yake alikuwa akilisema, mtu akitaka kutoka.

"Na walikuwa wanabaki?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Kila mtu alikuwa na haraka."

Saa tisa ilipofika nikamuaga, akaniambia tarry, nikakaa. Safari hii sikusimama. Nilikaa mpaka saa kumi na kitu, sikufanya chochote, na sikuaga mara ya pili. Akanishika vidole viwili, akalala hivyo. Miezi yote ile alikuwa anamaanisha, mimi nikidhani ni adabu. Yeye nilimwacha alipotaka nikae, na baba nilimkalisha alipotaka kwenda. Nilivitoa vidole vyangu taratibu, nikaenda kwa supavaiza kuomba siku nyingine nne, nikamwambia ukininyima nitakwenda hivyo hivyo. Alinipa.

Nilipita Whitehall kumwomba radhi yule mama. Hakunikaribisha hata kukaa. Alinipa chupa ya chai ya maziwa ya njiani, akaniambia, "Enda, dada, usikawie kwangu."

Buffalo kulikuwa na baridi ya mwezi wa kumi na moja lakini jua lilitoka. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Baba alikuwa amepungua tangu nimwache, blanketi lilionekana kubwa. "Mwenye Kesi," akasema, basi, hakuongeza neno. Alishaomba mara tatu. Zamu ilikuwa yangu.

Nilikwenda jikoni. Nilichemsha maziwa, nikatia majani na tangawizi, nikatafuta kikombe kikubwa kuliko vyote vya nyumba ile. Nikajaza mpaka juu, mpaka nikawa nakitembeza kwa mikono miwili nisimwage. Mdogo wangu akanizuia mlangoni.

"Dada, hicho ni kipimo chake cha siku mbili. Amekatazwa."

"Najua."

Aliniangalia, akaangalia kikombe. Nikaona macho yake yanajaa. Halafu akarudi jikoni, nikamsikia anafungua kabati, akatoka na bakuli la sukari.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alikiangalia kile kikombe kilichojaa, akaniangalia mimi, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sitaisahau. Hakusema asante, kinywaji hicho hakishukuriwi. Alikunywa polepole, karibu nusu saa, akipumzika, akaendelea, mpaka akakiinamisha tukaona chini. Mwaka mzima na zaidi hakuwa amekata kiu. Jumatatu alimwambia daktari kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hataki tena mashine, na aliishi siku tisa baada ya hapo, nami nilikuwepo zote tisa, supavaiza akasema atakavyosema.

Lakini siku ile ya kikombe bado kulikuwa na kumsindikiza. Nilimvalisha koti la kanisani. Vile viatu nilivitoa chini ya kitanda nilipovipanga, nikamvalisha mmoja, nikamvalisha wa pili, nikafunga kamba. Tukamweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma mimi, peke yangu, mtaa wa kwanza, wa pili, mpaka kwenye ile njia ya miguu kando ya mto. Maji yalikuwa yanakwenda kasi. Ng'ambo ni Kanada. Baba aliniuliza kama na kule wanaomba karatasi, nikamwambia na kule wanaomba. Akacheka.

Tulikwenda mwendo mrefu kidogo. Mgongo uliniuma na sikutaka aujue. Halafu akainua mkono wake kutoka kwenye blanketi, akaupunga nyuma bila kugeuka, kama anavyofanya mgeni.

"Inatosha, mwanangu," akasema. "Rudi sasa."

Nikamwambia, baba, tufike pale kwenye ile taa, ndipo nirudi.